Debe la Dunmarsh

Debe hili ninalotunzia mbegu za vitunguu
ndilo lililotupa mbunge wa kwanza.
Lilikuwa la mafuta ya taa. Mtu alilitoboa kifuniko kwa patasi,
akalipaka rangi nyeusi, harufu isitoke.
Kura za Dunmarsh za mwaka elfu moja mia tisa na nane
zilihesabiwa madirisha wazi, theluji ikiingia.

Jimbo lilizaliwa Ottawa, juu ya meza,
kwa penseli ya mtu asiyewahi kutia mguu huku.
Rula yake ilikata ziwa katikati,
ikapita juu ya makaburi ya Wakrii bila hodi,
ikakoma pale karatasi ilipokoma.
Ndani yake watu elfu tisa,
na upepo, ambao haukuandikishwa
lakini ulihudhuria kila mkutano.

Crombie alishinda kwa kura kumi na moja.
Aliahidi reli. Ahadi ni deni:
tulimdai hadi akafa,
tukamdai mkwewe aliyerithi kiti,
na leo pale pa stesheni
pana benchi, pana kibao,
pana nyasi zinazosubiri treni.

Mwaka wa kumi na saba, vita ikiwa imepamba moto,
babu yangu Onufry Derkach alikwenda debeni
na koti lake la harusi.
Karani alikuwa jirani. Alipitisha kidole kwenye orodha,
akasema waliozaliwa Galisia ni wa upande wa adui.
"Adui wa nani?" babu akauliza.
"Plau yangu iko kwako."
Akarudi maili kumi na nne kwa miguu.
Plau ilirudishwa usiku, imesafishwa.

Bibi Motria hakujua kusoma.
Zamu ya wanawake ilipofika
alijifunza alama ya msalaba juu ya unga, kwenye meza ya kukandia,
akakariri: jina la tatu kutoka juu.
Hakusema hilo la tatu lilikuwa la nani.
Hata babu hakuambiwa, na hapo,
aliniambia akicheka bila meno,
ndipo palipokuwa na utamu.

Kisha vumbi. Miaka minane ya vumbi.
Daftari la wapiga kura ninalo, lisome:
amehama, amehama, amekufa, amehama,
mwandiko ukizidi kuwa mdogo
kana kwamba karani naye alikuwa akiondoka.

Mwaka wa sitini na mbili karani nilikuwa mimi,
umri ishirini na mbili, kalamu mpya.
Akaingia Josiah Kihew, miaka sabini na mmoja,
kofia mkononi; watu wake ndiyo kwanza waruhusiwe.
Nikamwuliza anwani, kama sheria ilivyotaka.
Akanitazama.
"Hapa," akasema. "Tangu kabla hapajawa hapa."
Nafasi kwenye fomu ilikuwa ndogo. Niliandika: Hapa.

Alipiga kura mara tatu tu, jimbo likafa.
Barua ilikuwa na mistari minne.
Hakuna aliyelia; nani hulilia mstari?
Walitugawa mafungu matatu kama mkate wa matanga,
mpaka mpya ukapita kati ya nyumba yetu na zizi:
tukalala jimbo moja, tukakamua jingine,
na baba akawa anawauliza ng'ombe kila asubuhi
mbunge wao anasemaje.

Sanduku za serikali zilichukuliwa na lori.
Debe hawakulitaka.

Juzi, nikilikwangua kutu,
nimekuta karatasi imenasa kwenye mshono,
ndogo, ya kahawia, msalaba umelika nusu,
na panya wamekula majina.
Kwa hiyo Crombie alishinda kwa kumi na mbili.
Au kwa kumi.

Nimeirudisha ilipokuwa.
Vitunguu vyangu, wageni husema,
vina ladha fulani ya mafuta ya taa.
Mimi siisikii.